Nairobi kwa matatu: tarakimu moja iliyonitoa jasho

HAPA Bongo mtu akisema anakwenda Nairobi, wenzake wanamjibu, "Aah, hapo si nyumbani tu! Si wanaongea Kiswahili?" Msomaji wangu, mimi nilikuwa kinara wa kusema hivyo. Nilijiona mtoto wa mjini niliyekamilika. Daladala za Mbagala nimezidandia, mlangoni nimening'inia, chenji yangu nimeidai mpaka konda akanitukana na bado nikapewa. Nikajiambia mtu aliyehitimu Dar hana shule nyingine ya kwenda.

Kumbe bado! Nairobi ilinishusha kando ya Barabara ya Mombasa saa nane na ushee mchana, bahasha ya hela imenibana kifuani, jua linawaka na sijui nielekee wapi. Na kosa halikuwa la konda wala la dereva. Lilikuwa langu, tena la tarakimu moja tu.

Ngoja nikumegee kisa chenyewe, na humo humo utajifunza namna ya kulizunguka jiji lile bila kuumbuka kama mimi.

Kilichonipeleka

Dada yangu anafanya kazi ya saluni Nairobi, mwaka wa nne sasa. Mumewe ni dereva wa malori, na wiki hiyo alikuwa njiani kwenda Juba. Dada akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, akajifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, mama mzima, lakini bili nayo ilikuwa nzima!

Nyumbani tukachangishana. Mjomba akatoa, shangazi akatoa, mpaka jirani muuza vitumbua akatoa. Mama miguu inamsumbua, hawezi safari ya siku nzima, kwa hiyo bahasha nikakabidhiwa mimi pamoja na khanga doti mbili za mzazi. Mama akanishika mkono akasema, "Ukifika ulipe kwanza, kusalimiana baadaye."

Dada aliruhusiwa kutoka Ijumaa. Lakini hospitali ile, ambayo sitaitaja, ofisi yake ya kufunga hesabu za wagonjwa ilikuwa inafungwa saa kumi jioni. Ikikupita hapo, mpaka Jumatatu, na kitanda kinahesabiwa shilingi 3,000 za Kenya kwa kila usiku. Shilingi moja yao ni karibu ishirini zetu, hivyo piga mwenyewe hesabu.

Niliondoka Dar Alhamisi alfajiri. Chalinze, Korogwe, Moshi, Arusha, mpaka Namanga. Pale mpakani siku hizi mambo ni rahisi. Tangu mwaka 2018 kituo kimekuwa kimoja, unagongewa mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya ndani ya jengo moja. Usiku mkubwa basi likatutema River Road, mtaa usiolala. Nikachukua chumba cha bei poa, nikakumbatia bahasha mpaka asubuhi.

Ijumaa dada akanipigia simu. Bili ingekuwa tayari saa saba, nije wakati huo. "Nenda Railways, panda 111, hiyo ya Ngong. Iandike," akasisitiza. Nikaiandika kwenye kikaratasi. Na kikaratasi nikakisahau juu ya kitanda.

Matatu na daladala ni mtu na binamu yake

Kabla sijaendelea, tulifahamu gari lenyewe. Matatu na daladala ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili yamepewa jina na nauli. Zamani kule Kenya nauli ilikuwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, ndiyo hiyo "tatu" iliyozaa matatu. Kwetu nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita "dala". Makonda wakawa wanaita "dala, dala!" na jina likaganda.

Yote mawili pia yalianza kama magari ya kujificha. Nairobi ilikuwa na mabasi yake makubwa ya Kenya Bus tangu 1934, na matatu yalikuwa yakikimbizana na polisi mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotoa ruhusa yafanye kazi. Sisi tulikuwa na UDA iliyoundwa 1974, ikazidiwa na watu, na mwaka 1983 serikali ikakubali magari ya watu binafsi yasaidie kubeba abiria.

Tofauti zinaanzia hapa. Kwetu daladala unalisoma ubavuni. Jina la mwanzo wa safari lipo, la mwisho lipo, na rangi ya mstari inakuambia njia. Nairobi gari linajulikana kwa namba. Sita na tisa ni Eastleigh, 23 Kangemi, 46 Kawangware, 58 Buruburu, 125 Rongai, 237 Thika. Mwenyeji hakwambii anakaa wapi, anakwambia anapanda ngapi!

Tofauti ya pili ni nauli. Kwetu inapangwa na LATRA na imeandikwa, konda akizidisha unamgombeza. Nairobi kila gari lazima liwe chini ya kampuni au ushirika, wenyewe wanaita sako, na hao ndio wanaopanga bei. Asubuhi na jioni watu wakiwa wengi, nauli inapanda. Mchana wa saa tano inashuka. Na mvua ikidondoka, hata matone matatu, ndugu yangu, nauli inaweza kuruka mara mbili huku konda akikutazama usoni bila haya. Dawa ni kuuliza bei kabla ya kuweka mguu ndani.

Tofauti ya tatu ni lugha. Konda wa Nairobi hasemi mia moja, anasema "soo". Hamsini ni "finje" au "chwani", kumi ni "ashu", na ishirini ni "mbao". Siku ya kwanza nilimsikia jamaa akiita "mbao, mbao!" nikadhani anauza samani.

Halafu kuna urembo. Mengine yamechorwa wachezaji na wanamuziki kuanzia boneti mpaka nyuma, ndani taa za rangi, televisheni, na spika zinazotikisa meno. Hayo wanayaita nganya, na vijana wa Nairobi wanaweza kuacha matatu tatu zipite wakilisubiri nganya moja. Kuna wakati urembo huo ulipigwa marufuku. Februari 2004, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alileta sheria za mikanda ya viti, vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni na mwisho abiria 14 kwa gari dogo. Wenye magari waligoma, watu wakatembea kwa miguu. Mpaka leo wanaziita Sheria za Michuki. Baadaye, enzi za Rais Uhuru Kenyatta, michoro ikaruhusiwa tena.

Kimbembe cha Railways

Basi, saa saba na nusu mchana nikafika Railways. Fikiria Kariakoo wiki ya sikukuu, kisha ongeza muziki. Kila gari linapiga nyimbo zake, kila mpiga debe, wao wanamwita manamba, anavuta mkono wa abiria.

Mmoja akanidaka. "Boss, unaenda wapi?"

Nikapapasa mfuko, karatasi hakuna. Nikajifanya mwenyeji. "Mia na kumi," nikasema.

"Wan-ten? Ingia, ingia, hii inatoka!" Akanisukuma ndani kama gunia la mkaa, mlango ukafungwa.

Msomaji, 111 inakwenda Ngong, upande wa magharibi. 110 inakwenda Kitengela, njia ya Namanga, huko huko nilikotoka jana yake! Na yote mawili yanapatikana Railways. Mimi sikulijua hilo. Nilikaa dirishani natikisa kichwa kwa muziki kama mtoto wa pale pale.

Gari likapanda Haile Selassie, likafika inapokutana na Uhuru Highway. La hospitali lilipaswa kwenda moja kwa moja, lipande Upper Hill. Letu likakata kushoto. Nikaona uwanja wa Nyayo, nikaona barabara inapanuka, na juu yetu ile barabara nyingine iliyojengwa kwenye nguzo. Moyo ukaanza kunidunda. Barabara hii si jana usiku nilipita nayo?

Kando yangu alikaa mama wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

Akanitazama kama nimemuuliza fumbo. "Ati?" Halafu akacheka. "Wewe ni wa Tanzania, eh? Kiswahili yako ni tamu."

"Ahsante mama. Samahani, hii inapita Ngong Road?"

Kicheko kikamkatika. "Ngong? Kijana, hii ni ya Kitengela. Umepotea!"

Nikaruka kama nimekalia moto. Nauli nilikuwa nimeshatoa, tena noti ya elfu moja, na konda alikuwa ameniambia "ngoja chenji". Nikamwita anishushe na anipe chenji yangu. Akasema hana pesa taslimu, wengi wamelipa kwa simu, nimpe namba anirushie M-Pesa. Namba ipi? Laini ya Kenya sina! Nikasimama mlangoni, gari linasubiri, abiria wananung'unika.

Yule mama ndiye aliyeniokoa. "Mpee mtoto wa watu pesa yake! Si unaona ni mgeni?" Gari zima likamuunga mkono. Konda akakopa kwa dereva, akakopa kwa abiria, chenji ikatimia. Nikashushwa Bellevue. Saa nane na dakika kumi.

Nilipofanya kosa la pili

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kosa la kwanza linaweza kumpata yeyote. La pili ni la ubishi.

Kulikuwa na teksi imeegeshwa, ile yenye mstari wa njano. Nikamtajia hospitali. Akanipima kwa macho kuanzia viatu mpaka kofia. "Elfu mbili." Nikapiga hesabu ya Bongo, elfu arobaini! Nikamwambia elfu moja, akashuka mpaka elfu moja na mia tano, akagoma hapo. Akaja wa bodaboda. "Mia nne, tunapita kwa jam, dakika ishirini." Kofia ya abiria hana, na mimi na bahasha ile. Nikasita.

Nikajiambia hela hizi zimetoka kwa muuza vitumbua, sitazitapanya kwenye teksi. Nitarudi mjini kwa matatu, nitapanda 111 ya kweli, kwa mia mbili nimemaliza. Muda nilio nao unatosha.

Ungetosha siku nyingine. Hii ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na nadhani kila mwenye gari Nairobi alikuwa amelitoa. Kurudi Railways peke yake ilikula saa nzima, nusu yake tumesimama na kuitazama Nyayo ile ile. Nilipoipata 111, ilikuwa haijajaa, na matatu ikiwa haijajaa haiendi. Tukakaa. Akaingia mmoja. Tukakaa. Niliposhuka mbele ya hospitali nilikimbia mpaka khanga zikafunguka kwenye mfuko.

Saa kumi na dakika ishirini. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Askari akanitazama kwa huruma. "Jumatatu, kijana."

Dada alikuwa amekaa kitandani, amevaa nguo za kutokea, mtoto amefungwa kwenye shali, mkoba uko miguuni. Alinitazama mikono, akaelewa. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Teksi walikutajia ngapi?" Nikamwambia elfu moja na mia tano. Akageukia ukutani akaanza kumvua mtoto kofia.

Usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Shilingi 9,000. Nimeokoa elfu moja na mia tatu kwa gharama ya elfu tisa! Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na mimi nilikuwa nimevunja chungu chenyewe.

Darasa la wikiendi

Siku mbili zile nililala kwa dada, na jirani yake, binti wa hapo hapo Nairobi anayepanda matatu kila siku ya Mungu, akajitolea kunifundisha. Nakupa wewe yale aliyonipa.

Kwanza, nunua laini ya simu ya Kenya siku unayofika. Pasipoti yako inatosha kuisajili. Nairobi mtu asiye na M-Pesa ni kama asiye na mfuko. Matatu, teksi, boda, muuza mahindi, wote wanalipwa kwa simu. Na kama unalipa taslimu, shika noti ndogo.

Pili, usitaje namba peke yake. Taja namba, mwisho wa gari na unaposhukia. "Moja-moja-moja ya Ngong, nashuka pahali fulani." Kisha ukishakaa, muulize abiria, usimuulize manamba. Manamba analipwa gari likijaa, na ukipotea yeye hapungukiwi kitu.

Tatu, simu usiichezee dirishani. Foleni ikisimama kuna mikono inayopita nje kama upepo. Hata wenyeji wanafunga kioo.

Nne, teksi za programu. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, wengine kama Bolt na Little wakafuata. Bei unaiona kabla ya kupanda, na hilo linamsaidia mgeni ambaye bei yake inasomwa kwenye viatu. Ila usidhani mambo yameisha. Dereva anaweza kukupigia kwanza akuulize unakwenda wapi na utalipaje, na akiona bei haimlipi anaghairi safari au anaomba uongeze. Usimchukie sana. Mwaka 2024 madereva wengi walitembea na orodha zao za bei, wakilalamika kwamba mafuta yamepanda na zile za kwenye simu haziwalipi. Kubalianeni kabla ya gari kuondoka.

Tano, dereva akikuuliza "tupite juu?" anamaanisha Expressway, ile barabara ya kwenye nguzo iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Ina urefu wa kilomita 27, inapita karibu na uwanja wa ndege, na inakuvusha foleni yote ya chini. Lakini ina ushuru wake, na mlipaji ni wewe. Kama unawahi ndege, pita juu. Kama unakwenda kutembea, baki chini utazame mji.

Sita, bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka boda moja mpaka nyingine. Siku ya foleni hakuna cha kuishinda. Lakini dai kofia, na kama hana, mwache aende. Hapo tu ndipo sijutii Ijumaa ile.

Saba, na hii wengi hawaijui. Ukija kwa treni ya SGR kutoka Mombasa, inayofanya kazi tangu 2017, kituo chake kiko Syokimau, si mjini. Kuna treni ndogo inayokupeleka mpaka stesheni ya zamani katikati ya jiji. Wageni wengi wanatoka nje mbio na kuvamiwa na wenye teksi kabla hawajaiuliza.

Jumatatu

Jumatatu saa moja asubuhi nikaita teksi kwa simu. Bei ikaonekana, shilingi 650. Dereva akapiga, nikamtajia tunakokwenda, akasema sawa. Saa mbili kasoro nilikuwa mtu wa kwanza kwenye lile dirisha. Nikahesabu bahasha yote, nikaongeza nauli yangu ya kurudia, na bado zikapungua kidogo. Yule jirani akanikopesha, akanirushia kwa M-Pesa kwenye laini yangu mpya. Mpaka leo simu yake ikiita napokea nimesimama.

Tukamtoa dada taratibu, mkono mmoja kwenye kidonda na mwingine begani kwangu. Teksi ya kurudi ikaja, dereva mtu mzima. Alipoona khanga na kichanga akazima redio bila kuambiwa. Akauliza, "Nipitie wapi, mama? Njia fupi iko na mashimo."

Dada akanitazama, kwa mara ya kwanza akacheka. "Muulize huyu mjomba wake. Yeye ndiye anayejua njia zote za Nairobi."

Tukapita ndefu. Mpwa wangu alilala mwendo mzima.

Kwa hiyo msomaji, ukienda Nairobi, matatu panda, tena panda nganya yenye spika kubwa ufurahi, maana bila hiyo mji wenyewe hujauona. Lakini panda siku ya kutembea. Siku ambayo kuna mtu amekaa kitandani anakusubiri na mkoba miguuni, lipa teksi uende.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.